Kompyuta Iliyoganda Kukhu Akioga

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la nne, na sisemi hivyo ili mnionee huruma. Watu wenye digrii zao hapa Kakamega wameniletea vifaa vyao wakasimama kando wakiniangalia nikivitengeneza, na hakuna aliyeniuliza cheti. Nimefungua redio, kaseti, televisheni zile za kioo kizito, simu, mwisho kompyuta. Kila kitu nilijifunza kwa macho na kwa kuungua vidole.

Lakini ninyi vijana mnaoanza kushika bisibisi sitawaandikia leo kuhusu vifaa nilivyoviponya. Nitawaandikia kuhusu kompyuta moja niliyoiunda kwa mikono hii, mpya kabisa, ikawekwa sebuleni kwa watu kule Khayega, na karibu imuue mama mzee aliyekuwa bafuni. Mmesoma sawasawa. Kompyuta ilikuwa sebuleni, mama alikuwa bafuni, na katikati kulikuwa na kuta mbili. Nimeacha kazi sasa, nimekaa nyumbani na mke wangu na kuku, na bado nikisikia maji ya bomba yakianza kumwagika kwa nyumba ya mtu, naacha ninachofanya nisikilize.

Mwenye kompyuta anaitwa Phanice. Alikuwa karani wa shule, akaacha, akapata kazi ya kwenye mtandao: anatumiwa sauti za watu waliorekodiwa wakiongea, naye anaziandika neno kwa neno. Siku nzima amevaa zile spika za masikioni. Alikuja kwa kibanda changu mjini akaniambia, "Mzee, nataka ile ya mezani. Laptopu imenichosha. Niundie kitu ambacho hakitaniangusha, kwa sababu hawa watu wa kazi hawajuangi kungoja."

Nikamwambia, "Mwanangu, yangu haianguki."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiongea.

Nikaiunda kwa uangalifu. Kasha jipya, bodi mpya, prosesa nikaipaka ile dawa ya kijivu ya kuipoza, kiasi cha punje ya mchele, maana wengine wenu mnaipakanga kama siagi. Nyaya za ndani nikazikusanya vizuri nikazifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Hiyo ni kawaida yangu tangu ujana. Mpira wa tyubu haukatiki, hauyeyuki haraka, na unaupata bure kwa fundi wa baiskeli. Nikaiacha ikizunguka siku mbili kwa kibanda, nikiichezeshea video. Haikukohoa hata mara moja. Nikaipeleka Khayega mwenyewe.

Nyumba ni ya kupanga, ya matofali, imepakwa rangi ya maziwa, nyuma imeongezewa jikoni na bafu la ndani. Phanice anaishi hapo na watoto wake wawili na mama yake mzazi, ambaye kila mtu pale ndani anamwita Kukhu, yaani bibi. Mama mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Kwa ajili ya magoti hayo Phanice alikuwa amemwekea shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo hapo, na Kukhu alikuwa akioga maji moto asubuhi na jioni kama dawa. Nje kulikuwa na mlingoti wa chuma uliochimbiwa ardhini, juu una sahani ndogo ya intaneti, na kebo yake inaingia dirishani. Nikachomeka hiyo kebo kwa kompyuta, nikanywa chai, nikaenda.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi simu ikalia.

"Mzee, imeganda."

"Imeganda aje?"

"Imeganda tu. Kila kitu kimesimama kama picha. Nimepoteza kazi ya saa nzima."

"Izime, uiwashe."

"Nimefanya hivyo. Imewaka. Lakini Mzee, ulisema haianguki."

Jioni ikaganda tena. Siku iliyofuata, asubuhi na jioni. Nikaibeba nikairudisha mjini, nikaiweka mezani siku mbili zingine, ikafanya kazi kama saa ya ukutani. Nikaibadilisha memori hata hivyo. Nikabandua feni, nikapaka dawa upya. Nikatoa pawa saplai ya kompyuta yangu mwenyewe nikaifunga kwake. Nikairudisha. Asubuhi, imeganda.

Nisikilizeni hapa. Kitu kikiugua nyumbani kwa mwenyewe na kikapona kibandani kwako, ugonjwa hauko kwa kitu. Uko nyumbani. Mimi nilijua hilo tangu redio za betri. Lakini kiburi ni kama tope kwenye macho. Nilikuwa nimeiunda mimi, kwa hiyo nilitafuta kosa lililo ndani ya kasha, mahali ambapo ningeweza kulipata na kulishinda.

Phanice alikuwa ameanza kupata barua za onyo kutoka kwa wale waajiri wake. Alinionyesha moja kwa simu. Sikuelewa Kizungu chote lakini nilielewa uso wake.

"Nikipoteza hii kazi," akaniambia, "shule hawatanirudisha. Nafasi yangu ishapewa mtu."

Nikamwambia nitakuja kukaa hapo siku nzima mpaka niione kwa macho yangu.

Nikafika mapema, mtoto mdogo bado anakunywa uji. Nikakaa kwa kiti mbele ya kompyuta kama daktari anayengoja mtu atapike. Kwanza nikaligusa kasha kwa mgongo wa mkono. Hivyo ndivyo alivyonifundisha mwalimu wangu, Mzee Swaleh wa Ekero, fundi wa redio, Mwislamu mpole ambaye hakuwahi kuninyanyulia sauti. Aliniambia usiguse chuma usichokijua kwa kiganja, kwa sababu umeme ukikupata kiganja kinafunga, kinakishika chuma, na hautaachilia. Ukigusa kwa mgongo, mkono unaruka wenyewe. Leo nawaambia hata hiyo msifanye, tumieni testa na mita. Lakini hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Kasha likaniuma. Si sana. Kama sisimizi wengi wakitembea.

Na mimi nikasema moyoni, ah, kompyuta zote zinaumanga kidogo.

Andikeni hayo mahali. Hayo ndiyo maneno ya kijinga zaidi niliyowahi kusema, na niliyasema kimya, ndiyo maana hakuna aliyenikosoa. Kibandani kwangu ile kompyuta haikuuma hata siku moja. Iliuma Khayega tu. Na mimi niliisikia ikiuma, nikaipuuza.

Kukhu akapita na taulo yake begani. "Fundi, bado unaiombea?"

"Naiangalia, Kukhu."

"Iangalie vizuri. Mtoto wangu hapatangi usingizi."

Akaingia bafuni. Nikasikia maji. Taa ya sebuleni ikafifia kidogo, na kompyuta ikasimama. Mshale kwa kioo ukakwama katikati ya sentensi. Nikapiga kidole kwa kibodi, hakuna kitu.

Nikaruka kwa furaha, niwaambie ukweli. Nilikuwa nimempata mwizi. Nikamwambia Phanice, "Ni shawa. Inavuta umeme mwingi, kompyuta inakosa nguvu." Nikaenda mjini kuleta stebilaiza ya kusawazisha umeme, nikaifunga. Mchana huo nikamwambia Phanice afungulie shawa, bila mtu ndani, tuone. Ikaganda vilevile, stebilaiza ikiwa imetulia kabisa inasoma vizuri.

Nikaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Hii ni njia nzuri, hata leo sina nzuri kuliko hiyo. Unatoa kimoja, unajaribu, unarudisha, unatoa kingine. Nikatoa printa. Ikaganda. Nikatoa spika. Ikaganda. Nikachomoa kebo ya intaneti, Phanice akafungulia shawa akiwa amesimama pakavu na malapa ya mpira, na kompyuta ikaendelea. Akaifunga, akaifungulia tena. Ikaendelea. Mara tano tukafanya hivyo.

"Ni hii kebo," nikasema, nikaishika juu kama nyoka niliyemuua. "Inaleta uchafu kutoka kwa mlingoti. Tumia intaneti ya simu. Hii usiichomeke tena."

Phanice alitaka kulia. Akaniletea chai na mayai mawili. Akavaa spika zake akaanza kazi hapo hapo, akifidia saa alizopoteza.

Kukhu alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga. Nilipokuwa nafunga mkoba wangu akaniambia, "Na mimi utanitengenezea lini?"

"Wewe una shida gani, Kukhu?"

"Hiyo maji ya mashine. Inaniwasha. Inawashawasha kama upupu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Hiyo ni ngozi ya uzee, Kukhu. Jipake mafuta."

Akarudi kwa mboga zake. Nikapanda boda nikaenda.

Mnajua mawingu yetu hapa. Saa nane mchana jua linachoma, saa tisa mbingu imekuwa nyeusi upande wa msitu, na radi inaanza kunguruma. Kwa watu wetu radi si mchezo. Ikianza, kila kitu kinachomolewa ukutani, vioo vinafunikwa, na hakuna mtu anayegusa maji ya bomba. Anayetaka kuoga anaoga kabla.

Tulikuwa tumeacha Khayega nyuma, karibu nusu ya njia kwenda mjini, radi ikalia mbali. Mwenye boda akasema, "Mzee, leo tutanyeshewa." Na mimi nikawaza, kwa uvivu tu, kwamba Kukhu atakuwa ameharakisha kuoga kabla ya mvua.

Halafu nikasikia neno upupu. Nikalisikia kama mtu amelisema sikioni.

Sisimizi wangu kwa kasha. Upupu wake kwa maji. Kilikuwa kitu kimoja. Umeme ulikuwa unavuja ndani ya ile shawa, kidogo siku nzima, mwingi maji yakipita. Ukivuja, unafaa kukimbilia ardhini kwa waya wake, mambo yaishe. Kwa nini basi ulikuwa unafika kwa kasha la kompyuta? Kwa sababu njia ya ardhini haikuwepo. Ulikuwa unazunguka nyumba nzima ukitafuta pa kushukia, na mahali pekee ulipopata ni hapa: unaingia kwa kompyuta kupitia pini ya tatu ya plagi, ile ya ardhini, unatoka kwa kebo ya intaneti, unashuka kwa mlingoti wa chuma hadi ardhini. Ndiyo maana ilikuwa ikiganda. Kompyuta yangu haikuwa mgonjwa. Ilikuwa imebeba mzigo wa nyumba, asubuhi na jioni, ili mama mzee aonje upupu tu.

Na mimi nilikuwa nimeichomoa hiyo kebo.

"Geuza," nikamwambia mwenye boda.

"Umesahau nini, Mzee?"

"Geuza pikipiki."

Nikampigia Phanice. Ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilijua kwa nini hashiki. Alikuwa amevaa spika za masikioni, anafanya kazi kwa kompyuta niliyomponyea. Hata mama yake angepiga mayowe ukuta wa pili, hangesikia.

"Ongeza mwendo," nikasema.

"Mzee, kuna matuta."

"Yapige."

Sijui tulichukua dakika ngapi. Niliona watu barabarani wakianua nguo, mama mmoja akifukuza mbuzi ndani, na kila kitu kilikuwa kinaenda polepole sana. Mikono yangu ilikuwa imeshika jaketi la huyo kijana mpaka akalalamika namkaba. Nilikuwa naomba, mimi ambaye kanisani naendaga Krismasi. Nilikuwa naomba Mungu amfanye Kukhu awe mvivu leo.

Tulipofika sikubisha hodi. Meni swichi ilikuwa kwa ukuta wa veranda. Nikaishusha kwa kiwiko. Nyumba yote ikanyamaza.

Ndani nikamsikia Phanice: "Stima imepotea. Ai, kazi yangu."

Nikaingia. "Kukhu yuko wapi?"

"Mzee? Si ulienda?"

"Nimeuliza mama yuko wapi."

"Yuko bafuni. Ameenda kuoga kabla ya mvua. Kwani kuna nini?"

Nikakimbilia mlango wa bafu. Ndani hakukuwa na sauti ya mtu. Maji tu, yakimwagika. Nikagonga. "Kukhu." Maji. "Kukhu, ongea."

Phanice akanipita, akausukuma mlango kwa bega, mimi nikageuza uso kwa heshima. Nilisikia tu maneno yake mengi ya Kiluhya kwa haraka.

Kukhu alikuwa amekaa chini kwenye kona, mgongo ukutani, mkono wake wa kulia amenyoosha kuelekea bomba. Phanice alimfunika shuka, tukamtoa hadi sebuleni kwa kiti. Kukhu alikuwa anatetemeka meno, lakini alikuwa anaongea.

"Ilinirusha," akasema. "Nilifungua tu, ikanirusha kama mtu amenipiga ngumi. Nikaanguka. Maji inaendelea kumwagika, inapotea bure. Nikajivuta. Nilikuwa nanyoosha mkono nifunge."

Phanice akaanza kulia.

Mimi nilitoka nje nikashika ukuta. Alikuwa ananyoosha mkono afunge maji. Kiganja, si mgongo wa mkono. Amekaa kwa maji, analoa, ananyoosha kiganja kwa bomba la chuma. Vijana, mimi nimeona maiti, nimezika ndugu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikiwa nimeshika ule ukuta na hatari ikiwa imeshapita.

Mwenye boda aliwapeleka kliniki, Kukhu na Phanice. Moyo wake ulikuwa sawa. Vidole viwili vilibaki na ganzi kwa muda.

Mimi nikabaki pale kuutafuta ugonjwa. Kila nyumba yenye stima ina waya mmoja wa rangi ya kijani na manjano unaotoka kwa meni swichi, unashuka nje ya ukuta, unafungwa kwa fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Mafundi wanauita ethi. Nikaufuata. Ulikuwa umepita nyuma ya jikoni lile la kuongezewa, umefichwa na mirundo ya kuni. Nikasogeza kuni.

Fimbo ilikuwepo. Waya ulikuwepo. Katikati ulikuwa umekatwa, sawa kabisa, ncha imekunjwa juu na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Mizunguko mitatu na fundo chini.

Nilichuchumaa hapo mpaka mvua ikaanza.

Inabidi niwaeleze. Zamani, nikiwa kijana mwenye jina limeanza kuvuma, radi ilipiga nyumba moja upande wa Shinyalu. Iliua ng'ombe wawili na mwanamume aliyekuwa amesimama mlangoni. Nilienda kuangalia redio yao kama inaweza kupona, na nikaona ule waya wa kijani umeungua mweusi kutoka kwa fimbo hadi ndani ya nyumba. Nikautazama nikajiambia: hii ndiyo barabara iliyopitiwa na radi. Hii fimbo inaiita. Hakuna mtu aliyekuwa amenieleza ule waya ni wa nini. Darasa la nne hawakufika hapo, na mimi sikuwa mtu wa kuuliza. Kuuliza kungewaonyesha watu kwamba sijui.

Kwa hiyo nikawaambia watu. Nikawaambia kwa sauti ya mtu anayejua. "Kata hiyo waya, radi haitaingia kwako." Watu walikuwa wameogopa, na mtu aliyeogopa anapenda fundi asiye na shaka. Waliniita. Nilienda nyumba kwa nyumba na koleo yangu, Shinyalu, Khayega, mpaka kule kwa mashamba ya miwa. Nilikunja ncha juu ili isiguse fimbo, nikafunga kwa tyubu ili isifunguke. Nilikuwa nafanya kazi safi. Nilipewa kuku, nilipewa ndizi, niliombewa.

Mzee Swaleh alisikia. Aliniuliza siku moja, kwa ule upole wake, "Umeuliza mtu kabla ya kukata?" Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Akatikisa kichwa, akarudi kwa redio yake. Alikuwa ananipa nafasi ya kumuuliza yeye. Sikuichukua.

Sasa hiyo siku ya Khayega, Phanice aliporudi kutoka kliniki akanikuta nimesimama nyuma ya nyumba, nimeloa. Nikamwonyesha waya. Na mnajua nilisema nini?

Nilisema, "Tazama. Sijui ni fundi mjinga gani alifanya hii."

Phanice akamtukana huyo fundi. Alimtukana kwa Kiswahili na kwa Kiluhya, akasema anafaa ashikwe, akasema yeye mwenyewe angemfunga kwa hiyo mpira yake amchome stima. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa naitikia kila neno.

Nilileta mafundi wa umeme wenye leseni, nikasimama kando wao wakifanya kazi, kama watu walivyokuwa wakisimama mimi nikifanya. Waliunganisha waya, wakapima fimbo, wakatupa ile shawa, wakaweka swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Kebo ya intaneti ikarudishwa kwa kompyuta. Haijaganda tena hadi leo. Phanice ana kazi yake.

Baada ya wiki nikarudi. Kukhu alikuwa peke yake, amekaa palepale mlangoni na mboga zake, akitumia mkono wa kushoto. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakanipotea. Nikamwambia, "Kukhu, ule waya. Ni mimi nilikata, zamani, kabla mpange hapa. Nyumba ilikuwa haijaongezewa, sikuitambua."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Umejua aje?"

"Phanice alinionyesha ule waya kabla mafundi waje. Nani mwingine anafunganga vitu na tyubu? Hata hiyo kompyuta ya Phanice, alipofungua ile kifuniko kupanguza vumbi, nikaona waya zote zimefungwa hivyo. Tatu, na fundo chini. Nilikuwa nangoja nione utachukua siku ngapi."

"Umemwambia Phanice?"

"Utamwambia wewe. Ameingia sokoni, atarudi. Kaa hapo."

Nikakaa. Nilingoja zaidi ya saa moja, na yule mama alinisukumia sufuria ya mboga nichambue. Phanice aliporudi nikamwambia. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Aliingia ndani akafunga mlango, na mpaka leo akiwa na shida ya kompyuta anaitanga mtu mwingine.

Kutoka siku hiyo nimekuwa nikizunguka. Nilifunga kibanda, nikachukua kijana mmoja aliyesomea umeme, nikampeleka kwa kila nyumba ninayoikumbuka. Wengi walikubali. Wengine walinicheka. Mzee Shiundu, rika langu, alikataa kata kata. Alisimama mbele ya ukuta wake na fimbo yake ya kutembelea.

"Wewe ndiye uliniambia nikate," akasema.

"Nilikosea."

"Uliniambia ukiwa na nguvu, na sauti kubwa. Sasa umezeeka, umekuja na sauti ndogo, unaniambia nirudishe. Niamini gani?"

"Amini hii ya sasa."

"Miaka yote hiyo radi haijanipiga."

"Shiundu, si radi ninayoiogopa. Ni birika lako. Ni pasi. Ni friji ya mke wako."

"Nenda nyumbani," akasema.

Nimeenda kwake mara nne. Mke wake anapika kwa stima siku hizi. Nikipita hapo jioni naangalia kama mke wake anatembea jikoni, au watu wamekusanyika uani kama kwa msiba.

Na hao ni wale ninaowakumbuka. Sikuandika majina, sikuwa mtu wa kuandika. Nyumba zimeuzwa, zimepakwa rangi, zimeongezewa vyumba, wenyewe wameaga dunia, na watoto wao wameweka shawa za moto. Usiku nalala nikizihesabu kwa kichwa, nafika mahali naona ukuta bila kuona mlango, naona mkono wangu na koleo bila kujua ni kwa nani.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma hii, fanyeni kitu kimoja kabla ya kitu kingine. Nendeni nyuma ya nyumba ya baba yenu, ya babu yenu, ya mnapopanga. Sogezeni kuni, sogezeni magunia. Tafuteni waya wa kijani na manjano. Ukiukuta umekatwa, ncha imekunjwa juu, umefungwa kwa mpira wa tyubu mizunguko mitatu na fundo chini, usiuguse. Mimi ndiye niliyeukata, na nilikuwa sijui. Shusha meni swichi, kisha mtafute fundi aliyesoma.

Na kama kuna mtu bafuni sasa hivi, na maji yanasikika, anza na swichi. Waya utautafuta baadaye.